Wasee wa milimani, chemsheni hayo maji kwanza

Kuna picha ambayo karibu kila mtu anayependa milima anayo kwenye simu. Mtu amechuchumaa kwenye jiwe kando ya kijito, amekinga viganja, maji yanametameta, na nyuma yake kuna mianzi na ukungu. Chini yake ameandika kitu kama "maji kutoka kwa Mungu moja kwa moja, hakuna bili". Hata mimi nilikuwa nayo. Ilipendwa na watu wengi kuliko picha yangu nyingine yoyote. Niliifuta mwaka jana, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu nina hakika Jumamosi hii kuna msee anaenda kupigwa yake.

Tulikuwa watu thelathini na kitu. Si unajua haya makundi yanavyokuwa: tangazo kwenye WhatsApp, unatuma pesa kwa simu, saa kumi na moja alfajiri mko mjini kwenye matatu ya kukodi mkiwa bado na usingizi, na jua likianza kupanda nanyi mnapanda Aberdare. Ilipofika saa saba mchana, joto lilikuwa kali kuliko tulivyotarajia na chupa zilikuwa tupu. Tukateremka hadi kwenye kijito kinachopita katikati ya mianzi. Maji yalikuwa baridi hadi meno yanauma, na ungeweza kuhesabu kokoto za chini. Aliyekuwa akituongoza akasema yeye huyanywa miaka yote na hajawahi kuugua. Tukanywa. Nikajaza chupa yangu, kisha nikajaza ya binamu yangu.

Binamu yangu alikuwa mwaka wa pili chuoni na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza mlimani. Alisita. Akaniuliza, "Na si haya huwa yanachemshwa?" Nikamcheka. Nikamwambia aache mambo ya mjini.

Siku kumi hivi baadaye tumbo langu lilianza kujaa gesi, nikawa nacheua harufu ya mayai viza. Nikaendesha siku tano, chakula sitaki hata kukiona. Yeye alikuwa na hali mbaya zaidi. Kwenye kliniki ya kwanza alitolewa damu kidogo, akaambiwa ni taifodi, akapewa dawa akarudi hosteli. Haikuwa taifodi. Zikapita wiki mbili kabla ya mtu kufikiria kupima choo, na hapo ndipo alipopatikana na Giardia, kijidudu kinachoishi kwenye utumbo wa watu na wanyama na kusafiri ndani ya maji. Dawa yake si ghali wala si ya ajabu. Ila kufikia wakati huo alikuwa amekonda hadi sketi zinamteleza, na mitihani ya muhula ilikuwa imempita. Ilibidi arudie masomo mawili. Shangazi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wewe ndiye mkubwa," akaendelea kuosha vyombo.

Kwa hivyo nikikuambia uchemshe maji ya kijito kabla ya kuyanywa, sikuambii kama mwalimu wa sayansi. Nakuambia kama mtu aliyejaza chupa ya mwenzake.

Tuanze na hili la macho. Maji kuwa angavu maana yake ni kwamba hayana matope. Basi. Hayakuambii lolote kuhusu Giardia, amiba, bakteria wa kipindupindu na taifodi, wala virusi vya homa ya ini aina ya A, maana hakuna hata kimoja unachoweza kukiona kwa jicho. Ubaridi nao haukusaidii. Kusema kweli unakuponza, kwa kuwa vifuko vya Giardia huishi muda mrefu zaidi kwenye maji baridi kuliko kwenye maji ya uvuguvugu. Na ile imani kwamba maji yanayokimbia hujisafisha yenyewe? Yanayokimbia yanakuletea tu kwa haraka kile kilichodondoka huko juu.

Na huko juu kuna nani? Kuna nyati, ndovu, nyani na pimbi, na hakuna hata mmoja kati yao anayetafuta choo. Kwenye misitu mingine kuna ng'ombe na kondoo wa wafugaji. Halafu tuko sisi. Hapa ndipo watu hununa, lakini acha niseme. Ukishapita lango la msitu, mara nyingi hakuna choo hadi urudi. Jumlisha watu arobaini wa kundi letu, arobaini wa kundi lililotutangulia, na wale watakaokuja kesho baada ya kanisa. Kila mmoja amekunywa chai asubuhi. Watu huenda wapi? Huenda palipo na kichaka kizuri chenye faragha, na mara nyingi kichaka kizuri kiko bondeni, karibu na maji. Mvua ya jioni inamaliza kazi iliyobaki. Ukienda haja, songa angalau hatua 70 kutoka kwenye mto, chimba kishimo, fukia, karatasi zako rudi nazo. Mara nyingi sisi tunaolalamikia Mto Nairobi ndio wale wale tunaoufanyia Aberdare hivyo hivyo wikendi.

Najua utakachoniambia. "Ushago tulikunywa maji ya mto na tukakua." Hoja hii nimeisikia mara nyingi hadi naijua sauti yake. Kwanza, anayeisema ni yule aliyekua. Wale watoto wa kijijini waliokufa kwa kuhara hawako kwenye kundi la WhatsApp kukujibu. Muulize nyanya yako alizaa wangapi na wangapi walifika darasa la kwanza, lakini muulize kwa upole. Pili, anayeishi na maji fulani tangu utotoni huenda mwili wake umezoea baadhi ya vijidudu vyake. Labda ndivyo ilivyokuwa kwa yule aliyetuongoza. Wewe uliyelelewa na maji ya mfereji Umoja au Kahawa Wendani huna mazoea hayo. Tatu, nyanya mwenyewe alikunywa maji mabichi mara ngapi? Mimi nyanya yangu sikumbuki nikimwona akinywa glasi ya maji. Alikunywa chai. Asubuhi chai, saa nne chai, mgeni akija chai, na ile chai ya kwetu haimwagiwi maji moto kutoka kwenye birika kama ya Waingereza. Maji, maziwa na majani hutiwa kwenye sufuria moja na kutokota pamoja hadi yapande. Yule mama alichemsha karibu kila tone aliloweka mdomoni, bila kusoma bango lolote la afya. Sisi ndio tulioacha tabia hiyo tukaiita ya kizamani.

Sasa kuchemsha ni nini hasa? Hapa watu hukosea pande zote mbili, wengine wakizima mapema, wengine wakitokotesha dakika ishirini hadi gesi inaisha. Viputo vidogo vinavyojibandika ubavuni mwa sufuria si mchemko. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji inatoka. Mvuke kidogo pia si mchemko. Unatafuta viputo vikubwa vinavyopanda kutoka chini bila kukoma, hata ukikoroga havitulii. Maji yakifika hapo, Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema yametosha. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinaongeza tahadhari: yaache yatokote dakika 1, na kama uko juu ya mita 2,000 hivi, dakika 3. Kwa kuwa vilele vyetu vingi viko juu ya hapo, kariri tu dakika 3 na usijisumbue na hesabu.

Kwa nini mlimani muda unaongezeka? Kwa sababu kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, yakiwa na joto dogo. Kila mita 300 unazopanda, kiwango cha mchemko kinashuka kwa karibu nyuzi 1. Mombasa maji huchemka yakiwa nyuzi 100. Nairobi ni kama 94. Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, kwenye kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni 89 hivi, na ukifika Shipton's, mita 4,200, ni kama 86. Ndiyo maana maharagwe ya Nyahururu humaliza makaa kuliko ya Malindi. Lakini usiogope ukidhani nyuzi 86 hazitoshi. Vijidudu vya tumbo huanza kufa vizuri tu maji yakipita nyuzi 60, na vikipita 70 vinakufa upesi. Zile dakika 3 ni bima, kwa kuwa huna kipimajoto na upepo wa huko unaweza kukuhadaa.

Ni hapo nguvu ya kuchemsha ilipo. Ile dawa ya maji ya klorini ambayo mama huweka kwenye mtungi ni nzuri dhidi ya bakteria na virusi, na ukiwa nayo ni afadhali kuliko kukosa. Tia, subiri nusu saa. Lakini dhidi ya Giardia inalegea, hasa maji yakiwa baridi, na kuna kijidudu kingine kinaitwa Cryptosporidium ambacho klorini ya kiwango cha kunywa karibu haikigusi. Vile vichujio vya kisasa vya kufyonza kama mrija huzuia vimelea na bakteria, ila vingi vyake virusi hupita kwa kuwa ni vidogo mno. Mchemko hauchagui. Vimelea, bakteria, virusi, vyote kwaheri. Na haukuhitaji uagize kitu kutoka ng'ambo.

Nikuambie ninavyofanya mimi sasa. Safari ikiwa ya siku moja, nachemsha nyumbani Ijumaa usiku, yanapoa yakiwa yamefunikwa, asubuhi nabeba lita tatu kwenye chupa za chuma. Mzigo ni kilo tatu, ndiyo, na unapungua kadiri unavyokunywa. Chupa za plastiki za dukani zisahau: tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo zinazolindwa nchini, na askari wa langoni wana haki ya kukupekua begi. Maze, nimeona watu wakinyang'anywa katoni nzima ya maji pale langoni, kisha wakapanda na kiu hadi kwenye kijito kile kile ninachokisema. Sheria ni nzuri. Ila inakutaka uwe na mpango.

Safari ikiwa ya siku mbili au zaidi, hapo jiko ni lazima. Ile meko ya kilo 6 iache nyumbani. Kuna vijiko vidogo vya gesi vinavyofungwa juu ya mkebe, kizima kinaingia ndani ya sufuria ndogo. Mkebe wa gramu 230 unanichemshia lita kumi na kitu nikifunika sufuria na kukinga upepo. Nisipofunika, nusu ya gesi inapasha baridi ya mlima. Kama huna doo ya kununua, changeni watu sita, mtakuwa mmetumia pesa kidogo kuliko mnayotumia nyama choma mkishuka. Mkebe ukiisha urudi nao mjini.

Na tafadhali usiniambie mtawasha moto wa kuni. Misitu mingi hairuhusu kuwasha moto ovyo, na sababu ipo. Mlima Kenya uliungua vibaya mwaka wa 2012 na tena 2019, na nyasi za kule juu zikikauka Februari zinashika moto kama karatasi. Kikombe chako cha chai hakina thamani hiyo.

Maji yakiwa na matope, yaache yatulie kwenye sufuria kisha uyachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa kabla ya kuyaweka motoni. Kisha kuna kosa moja ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye akili zao: mtu anateka maji mtoni kwa chupa, anayachemsha vizuri kabisa, halafu anayarudisha kwenye chupa ile ile yenye matone ya mto mdomoni. Amefanya kazi bure. Chupa ya kutekea iwe moja, ya kunywea nyingine. Yapoze yakiwa yamefunikwa, na usitie kikombe ndani kwa mkono uliotoka kushika matope. Kama ladha yake inakuchosha, yamimine kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara kadhaa hewa irudi, au fanya alivyofanya nyanya, tia majani ya chai.

Sitakudanganya kwamba mchemko unatibu kila kitu. Dawa za mashambani hauziondoi, kwa hivyo kijito kinachotoka kwenye mashamba ya maua au viazi kipite tu, tafuta kingine. Floraidi nayo hauiondoi. Unawajua watu waliokulia sehemu za Nakuru na Naivasha wenye meno ya kahawia? Hiyo ni floraidi ya Bonde la Ufa, na ukichemsha maji yake yakapungua, floraidi inabaki pale pale, sasa ikiwa kwenye maji machache zaidi. Lakini kwa vijito vya juu msituni, ambako tatizo ni kinyesi, moto ndio jibu.

Sasa nyinyi mnaopanga hizi safari. Wengine wenu ni marafiki zangu na mtanikasirikia, poa. Mnatoza pesa. Mnapanga usafiri, mpiga picha, hata fulana zenye nembo. Kwenye orodha yenu ya vitu vya kubeba mmeandika viatu, koti la mvua, vitafunio na "nguvu chanya". Maji mmeandika "lita mbili au zaidi", basi. Nani kati yenu amebeba jiko moja la akiba kwa watu thelathini? Nani huwaambia wageni, mbele ya wote kabla ya kuanza kupanda, kwamba maji ya mto hayanywewi mabichi? Mtu anapokufuata porini amekukabidhi uamuzi wake. Ukisema "mimi huyanywa", yeye hasikii habari za tumbo lako, anasikia ruhusa. Najua, kwa sababu mimi pia niliitoa ruhusa hiyo siku ile, na kwa dharau juu yake.

Siku hizi kabla sijatuma pesa nauliza maswali mawili kwenye kundi: mnachemsha maji, na mnachemshia wapi. Kuna waliojibu vizuri. Kuna mmoja alinitumia kikatuni cha kucheka, nikatoka kwenye kundi lake. Sipotezi kitu, milima haihami.

Kuna jambo moja nisingependa ulielewe vibaya. Ukipotea njia, jua linakuwakia, maji yameisha, huna jiko wala dawa, na umeanza kuona kizunguzungu, kunywa. Teka mahali panapotiririka, mbali na nyayo za wanyama, na unywe. Kuhara kutakuja baada ya siku kadhaa na kuna dawa. Kukaukiwa maji mwilini kunaweza kukuangusha leo, na kwenye ukingo kama ile ya Aberdare kuanguka si mchezo. Ukifika nyumbani ukaanza kuendesha, sema wazi hospitalini kwamba ulikunywa maji ya mto na uombe kupimwa choo. Usikubali jina la taifodi kabla hujapimwa vizuri. Sisi lilitugharimu wiki mbili.

Binamu yangu hajapanda mlima tena tangu siku ile. Mwezi uliopita nilimwandikia nikamwambia tunaenda Kereita, safari fupi tu, hadi kwenye maporomoko na kurudi. Alikaa siku nzima bila kujibu. Usiku akaniuliza nani anabeba jiko. Nikampigia picha likiwa tayari ndani ya sufuria, na mkebe wa gesi kando yake. Akasema ataona. Shangazi naye, nimesikia, ameshamnunulia thamosi.